Kaseti Mbili, Mfuko Mmoja

Jumatatu, 4 Agosti 1986, Kibwezi
Sijawahi kumwambia mtu: mimi ni mwanamuziki. Wa rock! Si benga, si kwaya. Darasani nikiulizwa swali naangalia kiatu. Lakini ghalani, katikati ya magunia ya mbaazi, mimi na gitaa langu la debe na nyaya za breki ya baiskeli, simba! Leo nimerekodi nyimbo nne kwa redio ya Mama. Mtunzi mimi, bendi mimi, kampuni mimi. Mpango: Ndeti aipige kaseti yangu kwa spika ya hoteli na duka lake, pale mabasi ya Mombasa yanaposimama. Abiria watauliza ni nani huyo. Juu ya kaseti sikuandika jina. Haya.

Jumanne, 5 Agosti
Mama hajui kuandika, kwa hivyo barua zake kwa Baba, aliye kuli bandarini Mombasa, huziongea kwa kaseti. Dereva Mwangangi huzipeleka na basi. Leo nimetumwa mimi. Kaseti ya Mama nimempa Mwangangi, yangu nimeacha kwa Ndeti, nikasema imetoka Nairobi, nikakimbia. Safari moja, kazi mbili. Akili!

Jumatano, 6 Agosti
Uuui! Mabasi mawili yamesimama, mimi nyuma ya magunia ya makaa nangoja gitaa. Spika ikakohoa. Ikatoka sauti ya Mama! Ati Baba Kiema (Kiema ndiye mimi!), mizani ya huyu Ndeti ni mgonjwa, kilo ya sukari yake hata panya hashibi. Ati ile suruali yako nimempa mjomba, wewe umenenepa. Watu walicheka mpaka wakashuka basi. Ndeti alikimbilia kuzima. Abiria mmoja mnene akamwambia aache kwanza, tumalize ya suruali.

Alhamisi, 7 Agosti
Mama hajala. Anasema Mwangangi ameuza siri zake. Amemngoja stendi, akamwambia mbele ya watu kwamba miaka sita amekuwa akimpa fisi nyama abebe. Mwangangi akaapa kwa kaburi la babake. Nilitaka kusema. Kweli nilitaka! Nilifungua mdomo, ikatoka chafya.

Jumapili, 10 Agosti
Mama ndiye huanzisha nyimbo kanisani. Leo amekaa nyuma, karibu na mlango, kitambaa usoni. Mwingine akaanzisha, chini sana, wimbo ukafa njiani. Hiyo imeniuma.
Nyumbani nimekiri: nilichanganya kaseti. Akauliza hiyo nyingine ilikuwa ya nini. Nikasema ya mwalimu, masomo ya Kiingereza. (Nusu ya ukweli ni ukweli pia.) Hakunipiga. Amenituma kwa Mwangangi na kuku wa kumwomba msamaha, na ujumbe kwa Baba kwamba kaseti aliyopata ni masomo yangu ya Kiingereza. Kuku amenidonoa kidole cha gitaa.

Jumatano, 13 Agosti
Mwangangi ameleta kaseti ya Baba. Tulikaa wote. Baba anasema alingoja habari za nyumbani, akasikia ng'ombe amenaswa kwenye waya. Wenzake wa bandarini walicheka hadi chai ikamwagika. Kisha mmoja akaomba wimbo wa tatu urudiwe. Baba akasema kama hicho ni Kiingereza cha shule, Mama amwone mwalimu. Lakini sauti anaijua, ni ya babake mwenyewe akiwa kijana.
Mama aliniangalia, akaniongezea muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe.
Ningemwambia yote pale pale. Lakini mdomo ulikuwa umejaa.

Alhamisi, 14 Agosti
Wimbo wa tatu urudiwe! Nina wasikilizaji bandarini! Kuli mmoja leo, kesho meli nzima. Wanahitaji wimbo mpya haraka, na kaseti tupu sina. Lakini Mama amemaliza jibu lake kwa Baba, na mwishoni kumebaki nafasi ya wimbo mmoja. Nimeuingiza. Hakuna atakayejua. Nilirudisha nyuma kidogo tu kutafuta mahali, na pale Mama alipokuwa akieleza habari ya mbuzi sasa kuna gitaa. Mbuzi ni mmoja, Baba ataelewa.
Nyayo! Mama, anakuja kuchukua kaseti. Nafukia daftari chini ya mbaa—