Foleni ya Mlango wa Gereji

Jumatano, 30 Septemba 1981

Malaika Mlinzi wangu mpendwa, hujambo? Mabawa yote mawili yanaendeleaje? Mimi mzima, isipokuwa kiuno, na habari ya kiuno ndiyo hii nitakayokupa. Padri ametuambia kila mtu aandike matendo yake ya siku. Nikijiandikia mwenyewe nitajipendelea. Bora nikuandikie wewe. Wewe ulikuwepo.

Mlango wa gereji umekataa kufunguka!

Ni ule wa bati zito, unaouvuta mpini ukapanda na kulala chini ya dari. Leo haukupanda. Nimevuta kwa mkono mmoja. Nimevuta kwa miwili. Nimevuta nikisali. Kimya. Ndani imo Morisi, gari langu, naiona kupitia dirisha la nondo, imefunikwa turubai kama maiti. Na Jumamosi saa nne asubuhi binti yangu Severa anaolewa! Nimetangaza mbele ya wakwe na mbele ya kwaya nzima kwamba ataingia kanisani kwa gari la baba yake. Nilitangaza mara tatu. Mara ya tatu hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Benjamini, mwenzangu wa sauti ya tatu kwenye kwaya, ana pikapu ya kubebea mkaa. Leo kanipitia, kaniona nimekumbatia mlango. Akasema kwa upole, Mzee Tarsis, ukikwama pikapu ipo, nitaipiga maji. Kuipiga maji! Mwanangu ashuke na gauni jeupe kutoka kwenye mkaa, na Benjamini awapungie watu mkono kama askofu!

Mama Severa akasema nimwite Zahoro, fundi wa mtaa wa Gerezani. Nikamwambia mimi ni karani wa ghala bandarini mwaka wa kumi na tisa huu, milango nimeiona. Akasema kuona na kufungua ni vitu viwili. Sikumjibu. Naomba uliandike hilo upande wa mema yangu.

Alhamisi, 1 Oktoba

Mwezi wa Rozari umeanza. Nimeamka alfajiri na mbinu: mafuta. Nikachukua kopo la mafuta ya kula la Mama Severa, lile tulilolipangia foleni kwa saa tatu nzima dukani. Nikatia kwenye kikapu pamoja na nyundo na bisibisi. Nikasimama mlangoni, nikaanza kumimina kwenye kitasa.

Kugeuka, nyuma yangu yuko mama na kikapu chake. Akaniuliza kama watafungua leo. Nikamjibu kwa uaminifu kwamba mlango umegoma, lakini Mungu akipenda utafunguka. Akashukuru. Akaweka jiwe chini limshikie nafasi, akaenda zake.

Nikaingia ndani kunywa chai. Kikombe kimoja tu! Kurudi, nyuma ya jiwe lile kuna tofali, kuna kandambili moja, kuna kikapu kikuukuu, kila kimoja kinamwakilisha mwenyewe. Na watu saba wamesimama kwa miguu yao. Nikamuuliza mama mmoja kinauzwa nini. Akasema, "Sijui, baba, lakini mimi ni wa tano."

Nikataka kupita niendelee na kazi. Lo! "Wee mzee! Rudi nyuma! Foleni haina mkubwa!" Nikawaambia huu ni mlango wangu. Wakacheka foleni nzima. Mmoja akasema hata juzi kwenye duka la nyama alikuwepo mzee mwenye mlango wake.

Nikawa wa kumi na mbili. Nimesimama saa nzima kungoja zamu ya kufika kwenye gereji yangu. Nilipokuwa wa tisa nilifurahi kidogo.

Hadi mchana ilikuwa inasemekana ni kanga. Jioni imethibitishwa kuwa ni sukari.

Ijumaa, 2 Oktoba

Leo ni sikukuu yenu, Malaika Walinzi. Hongera. Nilitegemea ungekuja na chochote.

Zahoro amekuja bila kuitwa. Namshuku Mama Severa. Akaniamkia shikamoo, akagonga mlango mara mbili, akaweka sikio. Akasema springi ya kushoto imekatika, ndiyo maana uzito wote umelala upande mmoja. Usivutwe katikati, akasema. Watafutwe watu wanane, washike chini, wanyanyue pande zote sawasawa. Nikamshukuru. Nikamwambia nikimhitaji nitamwita.

Kisha nikauvuta katikati. Nilimwambia Benjamini nataka kuipima pikapu yake kama inamfaa bibi arusi. Alikuja mbio, masikini. Tukafunga kamba kwenye mpini. Akatia gea. Mpini ukaondoka na pikapu mpaka kona ya mtaa. Mlango ulibaki. Benjamini akarudi kwa miguu, ameushika mpini mkononi, akaniuliza kwa upole kama ndio mlango wenyewe.

Halafu balozi wetu wa nyumba kumi, Bi Mwanamkuu, akatokea na daftari. Foleni ilikuwa imefika watu thelathini na wawili. Akachungulia dirishani. Nimefunika nini? Nikasema Morisi. Akasema magunia siku hizi yana majina mengi. Kesho saa mbili u nusu mlango ufunguliwe mbele ya watu, la sivyo anakwenda kwenye tawi la chama kusema Baba Severa anaficha sukari.

Mimi! Ninayekunywa chai ya chumvi!

Severa hakunilaumu. Alikuwa anapiga pasi gauni. Aliniuliza tu, "Baba, nitafute viatu vya kutembelea?" Nimeandika hayo nikapumzika kidogo.

Jumamosi, 3 Oktoba

Foleni imepinda kona. Watu sitini na ushei. Bi Mwanamkuu mbele na daftari lake. Ng'ambo ya barabara Benjamini na pikapu iliyooshwa, imetandikwa mkeka, imefungwa maua ya karatasi. Akanisalimia kwa huruma. Afadhali angenitukana.

Nikawatazama wale watu. Zahoro alitaka wanane. Mimi ninao sitini! Sikusema uongo, Malaika, uliniona. Niliuliza tu: jamani, mnataka ufunguke? "Ndiyooo!" Basi shikeni chini, pande zote sawasawa.

Wakashika. Haya! Mlango ukalia kama mbuzi, kitu kikakatika ndani, paa! Lakini ukapanda. Mzee mmoja akauwekea gogo.

Bi Mwanamkuu akalivuta turubai mwenyewe. Vumbi. Chini ya vumbi, Morisi.

Yule mama wa tano akauliza kama sukari iko kwenye buti. Nikafungua buti. Tairi la akiba. Hapo walinizomea, sijapata kuzomewa vile. Mama mmoja akasema siku mbili za jiwe lake nitazijibu mbele ya Mungu. Nikashika rozari.

Ndipo Severa akatoka na shela, viatu vya kutembelea mguuni. Akawaamkia wakubwa wote. Akasema, "Mama zangu, sukari hatuna. Ila leo naolewa, nisindikizeni."

Vigelegele! Hata yule aliyenishtaki kwa Mungu alipiga.

Morisi haikuwaka. Betri. Wakaisukuma, tena kwa foleni: waliotangulia kuweka mawe ndio walioshika buti, na mtu wa ishirini alipojaribu kujipenyeza alirudishwa. Severa ndani anacheka mpaka shela likahama. Tulifika saa nne kasoro dakika tano. Benjamini nyuma na pikapu tupu, anapiga honi kama yeye ndiye aliyetuleta.

Nililia kidogo kanisani. Ni vumbi la turubai.

Jumapili, 4 Oktoba

Zahoro ameukagua mlango. Springi zote mbili sasa zimekwisha, mlango umesimama kwa gogo tu. Gogo lisiguswe mpaka Jumatano, ataleta springi. Nikamshukuru.

Baada ya misa Padri alimpongeza Benjamini kwa moyo wake wa kujitolea. Sitaki kuliongelea.

Jumatatu, 5 Oktoba

Heshima, Malaika! Sukari ya duka la ushirika la mtaa wetu imefika, na stoo yao inavuja. Bi Mwanamkuu ameomba gereji yangu. Amesema foleni inapajua. Magunia kumi na mawili! Nimetia sahihi majina yote mawili. Kesho saa moja asubuhi ni kugawa. Benjamini alijitia kutoa pikapu yake, akaambiwa mkaa na sukari haviingiliani. Nilicheka. Nitaungama.

Lakini magunia kumi na mawili yakae wazi, yanatazamana na barabara? Zahoro alisema gogo lisiguswe, sawa, ila Zahoro si mtu wa ghala. Nikaliondoa gogo. Taratibu, kitaalamu. Mlango ulishuka kabla sijamaliza kuvuta pumzi.

Sasa ni saa kumi na mbili jioni. Mpini hakuna. Morisi iko nje, sukari iko ndani. Nimehesabu mawe arobaini na saba, na mama mmoja kaja na mkeka kabisa. Mama Severa amesema nimwite Zahoro. Nimemwambia hakuna haja, nimepata mbinu nyingine. Natafuta tu alikoficha kipande chake cha sabuni, nikasugue kitasa.

Wasalimie malaika wenzako wote. Naomba unijibu upesi, kabla ya saa moja asubuhi.

Ni mimi wako, Tarsis.