Mji Mkubwa Usio na Miguu

Jumatatu, 9 Oktoba

Siku nzima juu ya paa. Magoti yameungua kwa vigae vya lami. Nyumba ya pili iko mbali kiasi kwamba nyundo ikiniponyoka hakuna wa kumwangukia. Ndiyo Jacksonville hiyo. Paa, misonobari, maegesho ya magari, paa.

Jioni Obdulia akapiga simu kutoka Queens, New York. Mke wangu huuza tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwa majani na kupikwa kwa mvuke, alfajiri, chini ya reli ya juu, kona ileile tangu binti yetu Yadira akiwa mgongoni. Yadira sasa ameolewa Chicago. Obdulia amesema ameamua: Alhamisi anafika huku na masufuria yake. Akauze kwenye mji mkubwa zaidi, tuishi pamoja kama watu.

Kosa ni langu. Mwezi uliopita niliona ramani kwenye gari la kazini. Nikampigia kujigamba kwamba mji huu unaweza kuimeza New York nzima, ukaimeza tena, na nafasi ikabaki. Ni kweli, hata msimamizi alithibitisha. Obdulia akapiga hesabu ya wateja. Sikumrekebisha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunisifu mwaka huu.

Leo nilikusudia kumwambia asije. Nikajikuta namwambia alete na sufuria kubwa.

Jumanne, 10 Oktoba

Kutafuta kona. Baada ya kazi nilisimama kwenye makutano makubwa kuliko yote ya karibu, nikasubiri wapita njia. Magari kama siafu, vioo vimefungwa. Mwishowe akatokea mtu kwa miguu. Moyo ukaruka. Kumbe anafanya mazoezi. Haendi popote, anakimbia ili arudi alikotoka. Mtu wa namna hiyo hanunui tamale.

Fidencio, ninayekaa naye chumba kimoja, aliezeka Houston miaka mingi na hakubali tusahau. Akacheka, akasema Houston nako watu wametawanyika, lakini angalau mtu gari likimharibikia hutembea. Nikamwambia Houston si mji, ni barabara zilizokosana. Akasema na huu wangu ni msitu wenye taa za kuongozea magari. Tulibishana mpaka maharage yakaungua.

Kona sijapata.

Jumatano, 11 Oktoba

Sikwenda kazini, nimesingizia mgongo. Nina mpango! Obdulia akifika asioneshwe mji, aoneshwe watu. Nimezunguka kuulizia wanapobanana. Shule watoto wanapotoka. Ofisi ya leseni za udereva, foleni hadi nje. Duka la bei nafuu. Fidencio ataendesha, apite hapo polepole, akwepe misonobari. Ujira anaotaka: nikiri mbele ya wenzetu kwamba Houston ina watu wengi kuliko huku, mtaa kwa mtaa. Nimempigia msimamizi simu, akaweka sauti ya juu wenzetu wasikie, nikakiri. Imeniuma kuliko mgongo niliousingizia.

Mchana Obdulia akapiga, yuko njiani kwenda kupanda basi. Sauti imepungua. Anasema kona za kule hazina hati. Hati ni mwenyewe kusimama pale. Ukikosekana asubuhi tatu, imekwenda. Tena Mama Brígida, anayeuza mwisho wa mtaa, tangu juzi anakuja kusimama kando yake na kupima kwa macho kama mwavuli wake utaenea. Akaniuliza, "Baba Yadira, una hakika? Sema tu, bado sijapanda."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nikasema huku watu ni wengi, mimi mwenyewe huchoka kusalimia.

Alhamisi, 12 Oktoba

Ameshuka amevimba miguu, sufuria amelipakata tangu New York. Ameninenepea kidogo, amependeza. Nikamweka kiti cha mbele aone vizuri.

Akalala. Hata hatujatoka stendi, akalala. Tumepita shuleni, watoto wanamwagika kama njugu: anakoroma. Fidencio akapiga honi makusudi. Akageuka upande wa pili. Foleni ya leseni leo ilikuwa ndefu ajabu, ikampita. Alipofumbua macho tulikuwa kwenye misonobari. Akauliza kama tumeshatoka mjini.

Fidencio akamwambia, "Shemeji, bado tumo."

Tukaenda tena, kwa muda mrefu. Bado tumo. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema kwa upole kabisa, "Magari nayaona. Miguu iko wapi?"

Basi la kurudi lilikuwa linaondoka jioni ileile. Angelipanda, angewahi kona. Nililijua hilo, na Fidencio akanikanyaga mguu niliseme. Nikamwambia Obdulia ajaribu asubuhi moja tu, mji mgeni haupimwi kwa jioni.

Ijumaa, 13 Oktoba

Alipika gizani. Chumba kizima kilinukia nyumbani kwetu Puebla, nikajifunika shuka usoni. Akasimama kituo cha basi, aproni safi, mvuke unapanda. Basi la kwanza tupu. La pili lina dereva tu, akampungia mkono. Mimi nilinunua tatu, Fidencio mbili, akasema za Houston zina chumvi zaidi. Nilitaka kumsukuma barabarani. Zilizobaki zimepoa.

Jirani yetu wa Queens akapiga: Mama Brígida ameshafungua mwavuli pale. Kesho ni asubuhi ya tatu. Hakuna basi litakalowahi.

Obdulia akakaa ukingoni mwa barabara. Akasema jengo letu kule peke yake lina watu kuliko barabara hii yote, na wote huamka na njaa. Akaniuliza kama nilijua. Nikamwambia kuhusu ramani, kwamba ukubwa ule ni wa ardhi, si wa watu.

"Ramani haili tamale," akasema.

Jumamosi, 14 Oktoba

Ameondoka kurudi Queens. Mama Brígida si mtu mbaya, kwa simu amemwachia ile kona yake mwenyewe ya zamani, mwisho wa mtaa, kwenye ukuta wa makaburi. Obdulia anasema pale watu wamebanana kuliko popote Queens, ila hawaamki.

Alitania hivyo, na bado hakunitazama. Kabla ya kuondoka alifua shati langu la kazi na kulishona kifungo. Angenitukana ningejisikia nafuu. Basi lilipogeuka nilipunga mkono upande ambao siti yake haikuwepo.

Ningesema Jumatatu. Ningesema hata Alhamisi.

Jumapili, 15 Oktoba

Sikwenda kanisani. Fidencio, kwa kunifariji, akaniambia Jacksonville yenyewe si ya kwanza kwa ukubwa. Iko Sitka, kule Alaska: mipaka ya mji inafunika eneo zaidi ya mara tatu ya hili. Nikamwambia aache utani. Akanionesha kwenye simu. Ni kweli. Milima, visiwa, yote ni mji.

Na kuna mvua tele. Mvua maana yake paa mbovu.

Fidencio amejuta kunionesha. Anadai watu wa Sitka wote wanaenea katika mtaa wetu wa Queens na viti vinabaki. Ndiyo maneno ya mtu wa Houston, wivu haumwishi. Mji wa eneo lile hauwezi kukosa watu. Watakuwa wametawanyika tu.

Nimemwandikia Obdulia habari za Sitka. Bado hajajibu, pengine anafurahi.