Karamu ya Wajawazito kwenye Baraza la Nesi Pramila

Jumatatu, 16 Juni

Vithoba, Mungu wangu na Mama yangu, salamu nyingi. Hujambo? Miguu haijachoka kusimama juu ya lile tofali la hekaluni? Mimi mzima, isipokuwa magoti. Wenzangu wanafunga mizigo kuja kuhiji kwako Pandharpur kwa miguu. Mimi Sopan, muuza chai wako, mwaka huu siji. Niwie radhi. Vandana, binti yetu, anarudi kwetu kujifungua, maana uzazi wa kwanza ni kwa mama mzazi. Nitamwachaje?

Na leo nasikia nyumba ya uzazi iliyo mbele ya kibanda changu itafungwa. Bunge la jimbo limepitisha sheria: nyumba isiyozalisha watoto wa kutosha ni mzigo kwa hazina, ifungwe, fedha ziende hospitali ya mjini. Nesi Pramila anasema wamepiga hesabu, kila mtoto wa hapa anaigharimu serikali sawa na harusi. Nikamuuliza, yenye bendi au isiyo na bendi? Hakucheka. Amechoka, masikini. Hata mimi.

Mji uko ng'ambo ya mlima, na mvua ikishika barabara huporomoka. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kwenye mkokoteni, barabara hiyo hiyo. Hakulia. Unajua.

Jumanne, 17 Juni

Mkaguzi wa serikali anakuja keshokutwa kuamua! Bhiku, jirani yangu dereva, keshaosha gari lake. Atakodiwa na serikali kuvusha wajawazito mlimani, anajiona waziri. Ameniuliza kwa sauti, ng'ambo ya barabara, nyumba ikifungwa chai yangu nitamuuzia nani, mbuzi?

Nimepata wazo. Kwetu kila mjamzito hufanyiwa karamu mimba ikifika miezi saba. Nitawafanyia wote kwa pamoja, barazani kwa Nesi Pramila, siku ya mkaguzi. Akifika akute nyumba imejaa matumbo. Hesabu itakuwa na nini cha kusema?

Rakhma, mke wangu, ameguna. Kasema nimwite Vandana aje mapema, akae pale mbele. Nimekataa. Kalenda ya ukutani inasema siku hizi si njema kwa safari.

Jumatano, 18 Juni

Mlango kwa mlango tangu asubuhi. Wakamwana wote wa kijiji wenye mimba wamekubali, hasa waliposikia kuna chapati tamu za dengu. Nimefunga bembea ya maua kwenye boriti ya baraza, maana mjamzito asipobembezwa hiyo si karamu. Nesi Pramila kauliza kama boriti itahimili. Nikamwambia Vithoba yupo. Usiniangushe.

Alhamisi, 19 Juni

Umeniangusha. Au boriti.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Sari za kijani baraza zima, bangili zinalia, matumbo mstari kama maboga sokoni. Mkaguzi, Bi Kelkar, alishuka garini akatabasamu. Akala chapati mbili. Moyo wangu ukaanza kuimba.

Kisha akamuuliza aliyekaa mwanzo atajifungulia wapi.

"Kwa mama yangu," akasema binti wa watu, kwa fahari.

Wa pili naye kwa mama yake, huko Satara. Wa tatu kwa mama yake. Mstari mzima! Mimba za kwanza zote. Hakuna hata mmoja wa kuzaa hapa.

Bi Kelkar akaniuliza kwa upole, "Baba, na wa kuzaa hapa nani?"

Hapo hapo boriti ikakatika. Ashukuriwe Mungu, bembeani alikuwa amekaa Bhiku, anawachekesha wanawake. Hakuvunjika kitu, ila kiburi. Bi Kelkar akaandika kwamba paa linahitaji matengenezo. Gharama nyingine.

Ijumaa, 20 Juni

Imeamuliwa. Nyumba inafungwa, Nesi Pramila anahamishiwa mjini. Bhiku amekuja kunywa chai, kakalia tako moja kwa maumivu. Rakhma hakunigombeza. Alichambua mchele tu, kisha akasema, "Baba Vandana, umekusanya wakamwana wa watu, mabinti wa kijiji wanaorudi kuzaa kwao umewasahau. Mjamzito wa kuzaa hapa ni mmoja, na ni wako, na ulimkataza kuja."

Vandana tumempigia simu, aje.

Jumapili, 22 Juni

Alifika jana na mvua. Leo uchungu, kabla ya wakati wake. Mlima umeporomoka na gari la Bhiku limezama matopeni hadi usawa wa milango. Nesi Pramila alikuwa anafunga makasha. Aliyafungua yote sakafuni kutafuta mkasi. Nilisimama nje kama Wewe, mikono kiunoni, siwezi kukaa. Nikawaza mkokoteni.

Kisha akalia. Msichana! Alilia hadi Bhiku akasikia kule matopeni. Rakhma alikuwa ameniegemea.

Mama Vithoba, mtoto huyu kwa gharama ya harusi ni rahisi mno. Nesi Pramila anasema mwezi ujao anakuja mkubwa wa Bi Kelkar kuchukua funguo, labda asikilize. Nimwambie ukweli tu, anasema. Rakhma naye anasema hivyo hivyo.

Lakini nimewaza. Kosa letu lilikuwa kuwaita wasichana wenye mama. Safari hii nitawaketisha vikongwe barazani, mito chini ya sari. Wao mama zao walishafariki. Wakiulizwa, hawana pa kwenda ila hapa. Boriti nitaifunga kwa kamba mpya.

Waonaje? Nijibu upesi, mito naiazima kesho.