Nilileta Mgongo, Mkamtibu Mtu Mzima

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Maumivu Sugu.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: KUTIBIWA SEHEMU NISIZOLALAMIKIA

Salamu kwako na kwa wauguzi wote, hata yule wa dirisha la kadi asiyecheka. Mimi ni fundi cherehani, duka langu liko ubavuni mwa kituo cha mafuta, na mgongo umeniuma tangu binti yangu wa mwisho akiwa anatambaa. Sasa anaolewa mwisho wa mwezi huu, na gauni lake nimeapa kulishona mwenyewe. Fundi aliyewavalisha mabinti wa mtaa mzima hawezi kumwozesha wake kwa gauni la kukodi. Ndiyo maana nilikuja kwenu na ombi dogo tu: sindano, nikae kwenye mashine nimalize kazi.

Badala ya sindano nikapewa binti wa mazoezi ya viungo. Akanieleza kwa adabu kwamba pale hawatibu mgongo, wanatibu mtu mzima. Nilifurahi jamani! Nikajua nimefika kwa watu wanaojua heshima: mtu mzima, mwenye mvi zake, atapewa kiti cha mbele na kusikilizwa. Kumbe walimaanisha mzima kuanzia kisogo hadi kisigino, pamoja na mambo ya nyumbani kwake. Kwa masikitiko nawasilisha malalamiko yafuatayo:

1. Maswali. Nimeshika kiuno, naulizwa usingizi. Nimesema panauma hapa, naulizwa nimemnunia nani. Kwa kuwa mbele ya koti jeupe siwezi kusema uongo, nikamtaja kaka yangu seremala. Alinitengenezea meza ya kukatia vitambaa. Nikamwambia meza ni fupi, akanijibu kwamba mimi ndiye mrefu. Tangu hapo hatukusalimiana tena. Lakini tangu lini kaka akawa pingili ya uti wa mgongo?

2. Pumzi. Nimefundishwa kupumua. Mimi! Nimepumua tangu nizaliwe, bila mwalimu wala likizo. Sasa natakiwa nivute hewa polepole kwa tumbo, macho nimefumba, mkono juu ya kitovu. Nilipojaribu dukani, mteja aliyeleta suruali ya kupunguzwa akadhani nakata roho, akaita majirani, wakanimwagia ndoo ya maji. Suruali yake ninayo mpaka leo.

3. Jogoo. Mliagiza niinuke kwenye mashine mara kwa mara nijinyooshe. Mke wangu, ambaye maagizo yenu ameyashika kuliko kiapo cha ndoa, akaweka kwenye simu kengele inayowika kama jogoo. Jogoo akiwika, naacha sindano katikati ya lesi. Gauni la harusi linashonwa kwa vipande vipande! Haraka haraka haina baraka, sikatai, ila tarehe ya harusi haijui methali.

4. Matembezi. Kila asubuhi natembezwa na mama watoto. Miaka yote ndoa yetu ililindwa na kelele za cherehani: yeye akisema, mimi nakanyaga pedali na kutikisa kichwa. Sasa sina pa kujificha. Na nimegundua kwamba mwanamke huyu ni mcheshi, ananichekesha mpaka nashikilia ukuta wa watu. Majirani waliozoea kunipa pole wananiona nacheka barabarani, wananipita hivi hivi. Pole zangu, Daktari, nani atanirudishia?

5. Kaka tena, na hili ndilo kubwa. Binti wa mazoezi alisema kinyongo nacho hukaza misuli. Haya, nikampigia simu. Akaja siku hiyo hiyo na msumeno wake, akairefusha miguu ya meza. Yaani amekubali kwamba meza ilikuwa fupi, na mimi siwezi hata kumtambia, kwa sababu tumepatana! Ushindi niliousubiri miaka yote mmeuharibu ninyi.

Mgongo bado unauma, msije mkajisifu. Unauma asubuhi, na mvua ikinyesha unazidi. Tofauti ni kwamba zamani uliniamrisha, siku hizi unaniomba. Lakini sikuja kufundishwa kuishi na mgeni huyu, nilikuja afukuzwe. Kwa hiyo naomba niondolewe kwenye tiba ya mtu mzima na kurejeshwa kwenye tiba ya mgongo peke yake, nichomwe sindano, na mke wangu anyang'anywe jogoo. La sivyo, binti yangu atasimama mbele ya watu na gauni la kukodi, na aibu hiyo itakuwa yenu.

Mke wangu anawasalimu sana. Kaka naye anawasalimu, yuko hapa anakunywa chai yangu. Binti wa mazoezi mwambieni sina ugomvi naye, ni kazi tu.

Wenu katika kuugua kwa heshima,
Fundi wa ubavuni mwa kituo cha mafuta.

Nyongeza: Nimeinuka kulikagua gauni ili niwaandikie imebaki kazi kiasi gani. Sikupata cha kuandika. Limekwisha. Kumbe vile vipande vya jogoo vilikuwa vinajumlika. Nimemwita binti yangu aje kulijaribu, nikapiga magoti kupima pindo, nikainuka. Yeye ndiye aliyeona kwamba sikushika kiti kama nilivyozoea, akaangua kilio. Barua hii ichaneni, ila miadi yangu ya Alhamisi msiifute. Na binti wa mazoezi akiuliza, mwambieni mgonjwa wake naye alilia, tena mbele ya kaka yake, mtu mzima mzima.