Nani Alichoma Boti ya Klabu

Jumapili, 8 Agosti 1971

Boti ya klabu imeungua! Ile nyeupe, iliyofungwa kwenye gati la bwawa, ambayo wakubwa wa shamba la chai huivulia samaki. Jana mchana, jua kali, moshi, kisha moto, kisha boti haipo.

Mlinzi wa bwawa ni Baba. Katibu wa klabu anasema Baba alikuwa akipasha chai ndani ya boti. Baba! Muadventista asiyegusa kiberiti siku ya Sabato! Mzee wa kanisa alimruhusu kulinda, si kuwasha. Hata nyumbani jiko letu hupoa Ijumaa jua likizama, na Jumamosi tunakula ugali baridi. Baba alieleza haya yote. Katibu akasema hizo ni hadithi. Amemsimamisha kazi na kumpa mpaka Jumamosi aseme moto ulitoka wapi. Akishindwa, tunatoka kwenye nyumba ya laini, hizi za wafanyakazi wa shamba, tunarudi Kisii, na mimi nasahau shule.

Mama amelia.

Nitachunguza mimi. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 9 Agosti

Radi! Hapa kwetu radi na mvua ya mawe ni kila alasiri. Nimeandika maelezo safi, kurasa mbili. Dada yangu mdogo, Kemuma, akasoma juu ya bega langu, akauliza kama nimesahau kwamba Jumamosi mahindi yetu yalikauka vizuri nje. Hakukuwa na wingu hata moja. Nikamwambia aende akaoshe vyombo. Alikuwa ameshaosha.

Jumanne, 10 Agosti

Petroli. Ni wazo la Kipkosgei, ndiyo maana silipendi. Tuko darasa moja. Yeye huongea na watu wazima bila kutetemeka, na hata na wasichana. Alinikuta gatini nikinusa mbao. "Profesa, unatafuta omena?" Kisha akasema mvuke wa petroli ukijaa ndani ya boti, cheche moja ya betri inatosha.

Ni wazo zuri. Linaniudhi.

Nikaenda kumuuliza makanika wa klabu. Nilisimama mlangoni, sauti ikakataa kutoka, mpaka akadhani nimeletwa kusaidia na kunipa spana nimshikie. Nimeshika spana alasiri nzima. Mwishowe akajisemea tu kwamba injini na betri ya ile boti bado ziko kwake, hajamaliza kuzitengeneza. Kwa hiyo botini hamkuwa na petroli wala betri! Kipkosgei ameshindwa! Kwa furaha nimekuja nyumbani na spana ya watu.

Jumatano, 11 Agosti

Kitabu cha maktaba kuhusu meli kinasema shehena iliyoshindiliwa yaweza kupata joto mpaka ikawaka yenyewe. Yenyewe! Na Mama, ambaye ni mchuma chai, kila siku huwaonya wachumaji wapya wasishindilie majani kikapuni, yatapata joto na kuwa mekundu. Basi! Mtu alificha majani ya chai botini!

Nimejaza gunia, nimelikanyaga kwa miguu yote miwili, nimelisukuma chini ya kitanda.

Alhamisi, 12 Agosti

Gunia lina joto la kuku anayeatamia. Halijawaka. Linanuka soksi. Nyapara alifuata harufu mpaka ndani, akauliza majani ya kampuni yanafanya nini chini ya kitanda cha mtoto wa mtu mwenye kesi. Mama akamwambia, "Msamehe, huyu anasoma sana." Nyapara akanitazama kwa huruma, akabeba gunia, akaenda. Huruma!

Ijumaa, 13 Agosti

Nimerudisha spana. Makanika aliuliza hali ya Baba, akasikitika. Akasema tena boti yenyewe ilikuwa inapendeza, fundi wa mbao alikuwa ametoka kuipaka mafuta ya linsidi, yale ya kung'arishia mbao, siku moja kabla, na matambara yake bado yalikuwa chini ya turubai.

Matambara! Nikakimbilia kitabu. Yametajwa ukurasa uleule, mstari unaofuata. Juzi niliuruka kwa sababu ya furaha. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na matambara yakirundikana joto halina pa kwenda.

Fundi alinipa mafuta yaliyobaki bila swali. Nimeloweka matambara kabla jua halijazama, nisije nikavunja Sabato. Nimeyashindilia kikapuni na kukificha chini ya kiti cha wageni, ambacho kitambaa chake kinafika sakafuni. Kesho yakipata joto kidogo tu, nitamwita Baba aguse.

Jumamosi, 14 Agosti

Katibu alikuja tulipotoka kanisani. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha wageni. Nilitaka kumwambia asikae. Nikafungua mdomo, likatoka, "Karibu chai, Bwana." Hakuna chai siku ya Sabato! Akakaa.

Akamwambia Baba muda umekwisha. Akanusa. Akaendelea. Akanusa tena. Akatazama katikati ya miguu yake, na moshi ukamtazama yeye. Aliruka! Kitambaa kikashika moto, na suruali ya kaki nayo. Baba akammwagia ndoo nzima ya maji.

Huku akichuruzika, Katibu aliuliza nani amewasha. Kemuma akamwonyesha jiko. "Tia mkono, Bwana." Akatia. Majivu baridi.

Hapo sauti yangu ikaja yote kwa mkupuo. Linsidi, matambara, turubai! Katibu akakiri. Kumbe ni yeye aliyemwamuru fundi aache matambara botini, gati lisichafuke. Akasema Baba arudi kazini Jumatatu.

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema tuna nyumba kwa sababu yangu. Mama anasema nyumba tunayo, kiti hatuna, na moto umewaka kwake siku ya Sabato, na mzee wa kanisa ameshasikia.

Jumapili, 15 Agosti

Baba ameniomba niahidi kutowasha kitu tena. Nimeahidi kwa moyo wote.

Kipkosgei alikuja kunipa mkono. Niliona aibu, nikabadilisha mazungumzo: nikamwambia kitabu kinasema hata vumbi la unga, likitanda hewani, hulipuka. Akasema hilo ni uongo. Mjomba wake ana kinu cha kusagia mahindi Kapsoit, vumbi tupu, na hakijalipuka hata siku moja.

Hakijalipuka kwa sababu hakuna aliyefuata maagizo ya kitabu. Tunaenda kesho. Mshumaa atauwasha Kipkosgei, kwa hiyo ahadi yangu iko salama.