Ombi la Kutohesabiwa Miongoni mwa Maua

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maonyesho ya Kimataifa ya Bustani na Upambaji wa Maua.

YAH: KUONDOLEWA KATIKA HESABU YA MAUA

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mimea yako pia haijambo. Mimi si mzima. Kimwili naendelea vizuri, isipokuwa shingo, lakini kwa upande wa jina na heshima nimeharibikiwa, na aliyeniharibia ni kamati yako.

Nijitambulishe kwanza, maana katika kumbukumbu zenu nimeandikwa kwa ufupi mno: "kiti, mwanamume, ndoo." Mimi ni fundi makochi. Nina karakana nyuma ya nyumba, nina stepla mbili, nina mke. Mke wangu hupamba kumbi za harusi, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, aliingia katika mashindano yenu. Dada yake mkubwa, yaani shemeji yangu, naye aliingia, kama anavyoingia kila mwaka na kutusimulia hadi mwaka unaofuata. Naomba ukumbuke kwamba hawa wawili ni ndugu wa tumbo moja, kwa sababu hapo ndipo moto wote ulipowakia.

Siku ile nilikuwa upande wa mke wangu kwa roho yangu yote. Fremu ya kazi yake niliitengeneza mimi, kwa springi nilizotoa kwenye makochi yaliyochoka. Lilikuwa tao la alizeti na mawaridi ya njano, akaliita "Mlango wa Asubuhi", na mtu akipita chini yake maua yote yanatikisika kama yanaitikia salamu. Lilikuwa zuri, Mheshimiwa. Hilo nalisema bila kushikiwa fimbo. Ila taa zenu zilikuwa kali, maua yakaanza kulegea, mke wangu akanipa ndoo nyekundu na kuniambia, "Baba, kimbia bombani, majaji wanakuja." Tangu hapo sijasikia neno la upole kutoka kwake.

Nilifika bombani, nikajaza ndoo, nikageuka kurudi. Yaliyotokea kati ya bomba na mke wangu ndiyo ninayolalamikia, kama ifuatavyo.

1. Kibao. Njia ya kurudi ilipita mbele ya jukwaa la shemeji. Lilikuwa limetandikwa udongo mweusi na nyasi mbichi, limezungushiwa mayungiyungi meupe, na katikati kipo kiti. Mbele yake kamati yako ilikuwa imesimamisha kibao chenye neno moja tu: USIPANDE. Nakuuliza, Mheshimiwa, bila hasira. Katika maonyesho ya bustani, mahali ambapo hata mgeni rasmi ana udongo kwenye kucha, neno hilo mtu mwenye akili zake alisomeje? Mimi nilisimama, nikajipapasa mifukoni. Sikuwa na mbegu. Sikuwa na mche, wala kitunguu kilichoota. Nikaridhika kwamba sina nia wala uwezo wa kupanda kitu chochote, nikapanda. Kama mlitaka watu wasikwee, mngeandika "usikwee". Mngechora hata mguu na alama ya mkasi juu yake, tungeelewana.

2. Kiti. Utasema, sawa, lakini ulifuata nini huko juu? Nilifuata kazi. Kile kiti kilikuwa cha mgongo mrefu, mikono ya mbao ya kuchonga, na sponji yake imekaa kwa namna ambayo sijaiona tangu nianze ufundi. Daktari akikutana na mtu anayekohoa hawezi kuziba masikio. Mimi nikikutana na kiti lazima nikikalie, kwa sababu kochi halijulikani kwa macho, linajulikana kwa makalio, samahani kwa neno hilo lakini ndiyo taaluma yetu. Nilikaa nikiwa na nia ya kuinuka papo hapo, ndoo nimeipakata ili nisimwage maji kwenye nyasi za watu. Springi haikulia hata kidogo. Sponji ikanipokea mgongo wote, hadi pale panaponiuma. Na nyumbani kwangu, hili naomba libaki kati yetu, nakalia stuli, kwa sababu kila kochi zuri ninalotengeneza huondoka na mwenyewe. Nikalala fofofo. Naona kamati inayoruhusu kiti cha aina ile kikae hadharani bila kufungwa kamba ilikuwa imeshaamua kwamba kuna mtu atalala.

3. Majaji. Kazi ya shemeji iliitwa "Kutokuwepo". Alikusudia kiti kitupu, kumkumbuka mtu aliyeondoka. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimeikalia maana yenyewe, tena kwa uzito wangu wote. Majaji wenu watatu walipofika, kila mmoja kutoka nchi yake, walikuwa na njia mbili za haki: kuniamsha au kumpunguzia shemeji alama. Hawakufuata hata moja. Nimeelezwa na watu waliokuwa macho kwamba jaji wa kwanza alivua miwani akajipangusa machozi. Wa pili aliinama akaninusa shingoni, kisha akaandika kwamba harufu ya gundi na jasho ni ujasiri ambao sanaa ya maua imeusubiri sana. Wa tatu aliitazama ndoo akasema yale ni machozi ambayo wanaume hawaruhusiwi kuyalia. Mheshimiwa, yalikuwa maji ya bomba. Na mkalimani wao, ambaye kochi lake la sebuleni nimelivalisha kitambaa kwa mikono yangu hii, alinitambua na akanyamaza. Nilipomfuata alinijibu kwamba yeye kazi yake ni kutafsiri yaliyosemwa, na mimi sikuwa nimesema kitu.

4. Kipaza sauti. Niliamshwa na kipaza sauti kikitangaza mshindi, kisha makofi na vigelegele. Mtu akiamka katikati ya vigelegele anajua yuko harusini, na harusini mimi huwa upande wa familia. Nikainua mkono nikapunga. Ukumbi mzima ukaruka: "Limechanua!" Watu walikumbatiana. Mama mmoja aliyeketi mbele alisema ametembelea maonyesho ya maua dunia nzima, hajaona ua linalochanua hadharani kwa wakati uliopangwa. Leo hii sokoni siwezi kumpungia mkono muuza nyanya, maana wauzaji wote wa safu ile hawana mbavu.

5. Maneno ya ushindi. Haya sikuyaweka ya kwanza kwa sababu sipendi kuyaandika. Mtangazaji alisoma sababu ya majaji kuipa ile kazi ushindi, na sababu yenyewe ilikuwa fupi: "Yupo lakini hayupo." Kwenu ni sanaa. Kwetu ni maneno ya mezani. Mke wangu huniambia hivyo anaponisimulia jambo nami naitikia "ndiyo, ndiyo", kumbe aliuliza nataka chai au maji, kichwa changu kikiwa karakana. "Upo lakini hupo," huniambia, kisha huondoa vyombo. Sasa hebu fikiria. Amesimama chini ya tao lake, mawaridi yameinamisha vichwa, anasubiri maji. Anasikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye kipaza sauti, yanampa dada yake ushindi, naye anapewa nafasi ya pili. Anageuka, anamwona mumewe juu ya jukwaa la dada yake, amepakata yale maji, anapunga. Nilishuka nikampelekea ndoo. Akaipokea kwa adabu, akayamwagilia maua yote taratibu, moja baada ya jingine, na majaji walikuwa wameshaondoka. Nimeumia, Mheshimiwa. Kwa hili sina mzaha.

6. Maisha ya nyumbani. Mke wangu anaamini mimi na dada yake tulikula njama. Kwa hiyo amenikalia kimya. Lakini yeye ni mtu wa kufuata taratibu, na kwa kuwa karatasi yenu ya matokeo, yenye muhuri, inasema mimi ni sehemu ya pambo, ananitunza kama pambo. Asubuhi ananitoa barazani nipate jua. Ananinyunyizia maji usoni kwa ile chupa ya kunyunyizia majani, upande huu na upande ule. Juzi nikiwa nimekaa alikuja akanizungusha pamoja na stuli yangu, na kumweleza jirani kwamba nisipogeuzwa nitapinda kuelekea dirishani. Jirani alimuuliza kama ninakula. Mke wangu akajibu kwamba ananipa kiasi, nikizidishiwa nitaoza mizizi. Nilipojaribu kujitetea alimwambia jirani, siyo mimi, kwamba maua hayasemi. Jana alinitazama ncha za vidole vya miguu kwa muda, akaenda kuleta mkasi wa kupogolea, nami nikaenda kutafuta kalamu.

7. Shemeji. Nilitegemea yeye angenikasirikia, maana nilimkalia kazi yake. La hasha! Ananiita "kipaji changu". Anasema kazi iliyoshinda ni ya aliyeibuni, na kwamba watu wakija kwake kutazama hawawezi kuonyeshwa kiti peke yake, hiyo itakuwa kazi pungufu. Amekuja kunichukua mara mbili, ya pili na toroli. Amenikataza kunyoa ndevu kwa sababu siku ya ushindi zilikuwa vile. Walipokutana mlangoni, mke wangu alimwambia dada yake achukue tu, ila asisahau kubadilisha udongo. Walizungumza juu ya kichwa changu kama watu wanaopatana bei ya kabati.

Kwa sababu hizo zote, kwanza naomba kile kibao kiondolewe kabla hakijamponza mwingine. Kisha naomba kamati itamke hadharani, kwa kipaza sauti kilekile, kwamba sikuwa ua, wala jani, wala machozi ya wanaume, bali mume aliyetumwa maji. Ushindi apewe mke wangu, maana tao lake lilinyauka kwa sababu ya kiti kile, na hata likiwa limenyauka lilishika nafasi ya pili. Na zaidi ya yote naomba barua yenye muhuri, iliyoandikwa kwa jina lake, ithibitishe kwamba nililala usingizi wa kweli, usio na njama. Neno langu kwake halina uzito siku hizi. Muhuri anauheshimu.

Endapo kamati itashikilia kwamba mimi ni ua, basi nitadai haki zote za maua bila kupungukiwa. Nitataka nisifanye kazi yoyote. Anayetaka kuninusa aombe ruhusa kwanza. Nipelekwe kwa wagonjwa, nikabidhiwe kwa maharusi, niwekwe kwenye meza ya mkutano mkubwa ambapo hakuna anayeniuliza maoni yangu. Wageni wa heshima wakishuka kwenye ndege nikabidhiwe kwao nikiwa nimefungwa utepe. Na siku nitakaponyauka, wewe binafsi, Mheshimiwa, uje uniondoe kwenye chombo na kubadilisha maji. Nadhani ukilipima hili utaona kwamba ni rahisi zaidi kunifuta.

Nisalimie wanakamati wote, mabibi kwa mabwana. Wasalimie majaji, hasa yule aliyeninusa, mwambie naoga. Msalimie mtangazaji, na yule mzee wa getini aliyenipa pole nilipokuwa natoka, ndiye pekee aliyeniona ni mtu. Mkalimani usimsalimie, nitamsalimia mwenyewe springi zake zitakapolegea.

Ni mimi, mwanadamu wa kawaida ninayeomba kuthibitishwa hivyo,

Fundi Makochi
(mume wa mshindi wa pili, shemeji wa mshindi wa kwanza)

Tanbihi: Mheshimiwa, kabla hujaita kikao, tafadhali yapuuze yote niliyoandika hapo juu. Msinifute. Msinitangaze kuwa mtu. Kibao nacho kiacheni palepale. Nilipokwenda kutafuta bahasha niliiacha barua mezani, na niliporudi nilimkuta mke wangu ameishika, ameshafika namba tano. Aliisoma amesimama, akarudia, kisha akavuta kiti akakaa. Alicheka kidogo pale kwenye mizizi, akajifuta macho, na sikujua yapi yalikuwa ya kicheko. Nimeagizwa nianze kuunda kiti kipya leo hii, kipana, chenye springi zisizolia, na jina langu tayari ameliandika kwenye maombi ya mwakani, kwenye safu ya mimea. Shemeji akija kulalamika kwamba mimi ni wake, naomba kamati isimamie haki. Mke wangu ameshatamka, tena kwangu mimi mwenyewe, siyo kwa jirani: "Mwakani unalala kwangu."