Chumba cha Mbele cha Luteni Detlef

Jumatatu, 1 Juni
Héritière! Ukilifungua daftari hili tena nitakukata masikio. Una macho ya kusoma siri za koko, bibi yako, ya kuona masufuria machafu huna?

Sasa, habari. Mzee Detlef, yule Mjerumani wa chumba cha mbele, anahamia nyumba ya wazee. Karimu mwenye nyumba amesema chumba ni cha yule atakayeachiwa ufunguo na mzee. Chumba cha mbele! Madirisha mawili, jua toka asubuhi. Mimi huku nyuma ukuta unatoka jasho, na baridi ya Bellevue hapa Joburg inanitafuna magoti. Bahati mbaya Mama Capitoline, yule Mrundi wa chumba cha kati, naye amesikia. Nimemwona anakaanga ndizi. Capitoline hakaangi ndizi bure.

Jumanne, 2 Juni
Yeye alipeleka ndizi, mimi nikapeleka sombe, majani ya muhogo ya kwetu, na samaki. Mzee akala vyote, akatushukuru sote wawili sawasawa. Mjanja!

Basi nikakaa nimsikilize. Hapo Capitoline hanipati: mzee akianza vita vyake, yeye anasinzia. Nimesikia yote. Alitoka Ujerumani kijana, akafika hapa Joburg kuoka mikate. Mwaka wa sitini na nne akaona tangazo gazetini: wanatafutwa wanaume wa kwenda kupigana Kongo. Akaacha unga mezani. Wakampa uluteni kwa sababu alijua kusoma ramani. Ana picha: kaptula, bunduki, miguu ya korongo. Nikamwambia alikuwa mzuri. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 4 Juni
Akili imenijia nikimenya viazi. Mzee alipita Albertville, Kalemie ya leo. Mimi ni wa hukohuko! Mwaka ule nilikuwa na miaka sita.

Nikaingia kwake bila kupiga hodi, nikamshika mikono. Papa, ni mimi yule mtoto! Ulinibeba mgongoni darajani, risasi zinalia. Wewe ni baba yangu.

Uongo mtupu. Mwaka ule mama alinificha siku mbili kwenye shamba la mihogo, na waliopita barabarani na malori ni watu wa namna yake. Lakini chumba ni chumba.

Nikangoja ufunguo. Mzee akalia! Kidevu kinamtetemeka kama cha mtoto. Akasema daraja halikumbuki. Anakumbuka mambo mengine, hayo hayasemi. Akasema miaka sitini anatafuta jambo moja jema alilolifanya kule, hajaliona, na leo limemwingilia mlangoni limefunga kitambaa.

Eish. Nilitoka bila kuuliza ufunguo.

Jumapili, 7 Juni
Mzee kaja kanisani kwetu! Na tai! Akasimama mbele za watu akasema amempata binti yake. Pasta Évariste akaniita mbele, akatufunika kitenge kimoja mabegani, akina mama wakapiga vigelegele. Capitoline alipiga kuliko wote. Nikashangaa, huyu anafurahia nini?

Tulipotoka akaninong'oneza: Hongera, dada. Umemwita baba mbele ya kanisa zima. Sasa kwetu na kwenu, baba mzee anaogeshwa na nani kama si mtoto wake?

Nyoka yule!

Jumatano, 10 Juni
Mzee haendi tena! Kamwambia Karimu nyumba ya wazee ya kazi gani, yeye ana mtoto. Atabaki chumba cha mbele mpaka Mungu amwite. Jua lote lake. Mimi napita na uji, napita na supu, jana nimemkata kucha za miguu. Kucha za luteni ni ngumu kama pembe.

Nikaenda kwa Pasta. Nikamwambia labda nilichanganya, labda alikuwa luteni mwingine. Pasta akanitazama. Akauliza kama niko tayari kumwambia mzee hivyo mwenyewe, usoni. Nikakiona kile kidevu. Nikasema hapana, Pasta, ni yeye kabisa.

Ijumaa, 12 Juni
Nimekaa, nimefikiri, kosa langu nimeliona. Si uongo. Uongo ulikuwa mzuri sana, mpaka kanisa limeimba. Kosa ni kuchagua mzee asiye na mtu. Mtu kama huyo ukimpa kidole anachukua wewe mzima.

Sasa, pale baada ya robot, zile taa za barabarani, kuna Mreno mmoja, alikuwa ofisa kwenye vita vya Angola. Mwezi ujao anahamia Durban kwa wanawe. Wanawe watano! Chumba chake kina madirisha matatu. Na huyu simwiti baba, sirudii ujinga. Nitamwita kaka.

Héritière, kesho vaa gauni lako la Jumapili, umpelekee Mreno sombe, umuulize alipigana mji gani na mwaka gani. Andika vizuri. Na uende mapema, kabla Capitoline hajaamka.